Marhamu Niliyompa Mdogo Wangu

Siku zile za Mwingereza mgonjwa hakupewa dawa kama hakuja na chombo chake. Ndivyo kazi ilivyokuwa katika zahanati ya serikali pale Tabora mjini, ambako baada ya vita vile vya pili nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, katika chumba cha dawa. Chupa zilikuwa adimu, na serikali haikuwa na nia ya kumnunulia mtu chupa. Basi kila mmoja alikuja dirishani na alichonacho: kibuyu, kopo la ugoro, kikombe kilichokatika mkono, chupa ya mafuta ya taa ambayo bado inanuka mafuta ya taa. Mama mmoja wa upande wa Itetemia alininyooshea kiganja akaniambia nimpakulie hapo hapo, kwake si mbali. Nilimfukuza. Nilikuwa mkali mno, na koti langu jeupe lilizidi kunitia ukali. Chombo kikiwa kichafu ninamrudisha mwenyewe bombani mbele ya watu, hata kama ni mtu wa umri wa baba yangu.

Nyuma yangu kulikuwa na kabati la sumu. Ndani yake mlikuwa na mitungi ya kioo, kila mmoja umebandikwa karatasi nyekundu yenye picha ya fuvu la kichwa. Sheria yake ilikuwa wazi: kitu cha kabati lile hakitoki mpaka daktari amwone mgonjwa kwa macho yake na kutia sahihi katika daftari. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini karatasi nyekundu ilibandikwa kwenye mtungi, na mtungi haukutoka kabatini. Kilichotoka ni dawa tupu, imo ndani ya kopo la ugoro, haina jina wala fuvu, na ikifika nyumbani inawekwa dirishani pamoja na sabuni na wanja. Onyo lote lilikuwa mdomoni mwangu mimi. Nisiposema, hakuna mwingine wa kusema.

Mtungi mmoja ulikuwa wa marhamu nyeupe, laini kama samli iliyoganda, ambayo ndani yake mna zebaki. Tuliitumia kwa upele sugu, na mara moja moja kwa watu wenye mabaka meusi usoni, kwa sababu inang'arisha ngozi. Kipimo chake ni punje ya mtama, kwenye baka tu, siku kumi na nne. Baada ya hapo mtu anapumzika na mkojo wake unapimwa, maana zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kukaa kwenye figo. Hayo niliyajua kama ninavyoijua Alhamdu.

Mdogo wangu alikuwa mmoja tu. Mama yetu alifariki tukingali wadogo, na aliyetulea ni shangazi, dada yake baba, nyumbani kwake Kwihara. Ukoo wetu ulifika pale na misafara ya zamani. Babu yake baba alitoka pwani na mzigo kichwani mara tatu, mara ya tatu akachoka, akaoa Mnyamwezi, akajenga. Misafara ilikwisha na pembe za ndovu zikaenda zake, lakini wanawake wetu hawakuyaacha mambo ya pwani waliyoletewa. Na katika mambo hayo shangazi alikuwa bingwa. Alikuwa somo: anafunda wari, anapamba maharusi, anawatunza wazazi, wanawake waliotoka kujifungua, siku zao arobaini. Kutoka Kwihara mpaka sokoni Tabora, binti wa watu hakuolewa bila shangazi kuingiza mkono wake. Alikuwa na maneno makali na kicheko kikubwa, na alitupenda sisi wawili sawasawa na binti yake wa kumzaa.

Mdogo wangu aliolewa Igalula, kwa kijana aliyefanya kazi pale stesheni. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi sita, mabaka meusi yalimtoka mashavuni na juu ya mdomo, kama mtu aliyejifuta uso kwa mkono wenye masizi. Ni jambo la kawaida kwa wajawazito. Lakini mama mkwe wake aliyatazama mabaka yale siku tatu, siku ya nne akatamka mbele ya wanawake kisimani kwamba huo ni ukoma.

Leo vijana hawajui neno lile lilikuwa na uzito gani. Mtu akishaitwa mkoma alipelekwa kambini, na ndugu zake wakakosa wachumba. Mimi niliwaeleza. Nilipanda garimoshi Jumamosi nzima kwenda kuwaeleza kwamba baka la ukoma ni jeupe, halisikii hata likichomwa sindano, na haya ya mdogo wangu ni meusi na anasikia hata inzi akitua. Mama mkwe alinisikiliza kwa adabu, akanipa maziwa, kisha akasema, "Mwanangu, nenda naye akajifungulie kwenu, ndiyo mila. Uso ukitakata, tutamfuata arobaini ikitimia." Shemeji yangu alikuwa anatazama chini. Alimpenda mkewe, lakini mama ni mama. Mimi nilitamani kumkamata shingo.

Alijifungua Kwihara, mtoto wa kike, salama. Mabaka hayakuondoka. Siku ya saba niliendesha baiskeli kwenda kuwaona. Mwanamume haingii chumba cha mzazi, hata kama ni kaka, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango, pazia likiwa kati yetu, tukazungumza hivyo hivyo.

"Kaka," aliniambia, "wewe pale kazini mna dawa za kila kitu."

"Yataondoka yenyewe. Subiri."

"Nisubiri mpaka lini? Wanakuja baada ya arobaini. Wakinikuta hivi wataniacha hapa, na mwanangu ataitwa mtoto wa mkoma mpaka anazeeka. Mimi sijali uso wangu. Nilikuwa sijioni mzuri hata zamani."

Alicheka aliposema hivyo, na kicheko kile kilinichoma kuliko kama angelia. Nilimwahidi.

Daktari wetu alikuwa Mwingereza wa makamo, mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kusitasita. Nilimkuta barazani anakunywa chai yake. Nilimweleza kwamba mgonjwa yuko Kwihara, ni mzazi, hawezi kutoka ndani mpaka arobaini. Alisema angependa kumwona. Kisha akasema, "Wewe unajua kazi. Kidogo tu, usoni tu, wiki mbili." Sahihi hakutia. Sheria tuliivunja wawili, kwa upole, juu ya kikombe cha chai. Siku ile nilimwona kuwa mtu mwema, na nadhani alikuwa mtu mwema kweli.

Nikachota marhamu kwenye kikopo, nikaandika daftarini jina la mzee mmoja mwenye upele, nikapanda baiskeli. Njia nzima nilikuwa nimefurahi. Nilifika Kwihara alasiri, shangazi akanipokea mlangoni na mikono yake imejaa unga wa liwa wa kumpaka mzazi. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wanne wa jirani, wamekuja kumsaidia kumkanda mzazi, wananitazama.

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu ya ziada: usoni, punje, sumu. Dirishani pale zahanati niliyasema kwa ukali mara kumi kwa siku kwa watu nisiowajua. Lakini hawa walikuwa shangazi zangu wote, na aliyekuwa ndani ni dada yangu, uchi, anapakwa liwa. Mwanamume wa kwetu haulizi wala haelezi kinachopakwa kwenye mwili wa dada yake. Kwa kutaja tu neno "mwili" mbele ya wanawake wale ningeonekana sina malezi, na malezi yenyewe nilipewa na huyu huyu aliyesimama mbele yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha.

"Shikamoo shangazi. Dawa ya mgonjwa wako hii. Apake kidogo kidogo, asubuhi na jioni."

"Marahaba baba. Mungu akuzidishie." Akakinusa kikopo. "Haina hata harufu. Hii itamkubali."

Ndivyo nilivyoagiza, na nikapewa uji wa pilipili manga, nikanywa, nikarudi mjini kabla jua halijazama.

Shangazi alikuwa na hesabu yake, na kwa ujuzi wake ilikuwa hesabu sahihi. Alinieleza baadaye. Mtu hapakwi uso peke yake. Ukimng'arisha uso na kumwacha shingo na mikono, unamtoa nje na kichwa cha kuazima, watu wamcheke. Mzazi anayefundwa vizuri hutoka rangi moja kutoka utosini hadi unyayoni. Basi aliichukua marhamu yangu akaikanda ndani ya liwa na marashi, akampaka mdogo wangu mwili mzima, asubuhi na jioni kama nilivyoagiza. Kisha alimkalisha juu ya kigoda, chetezo cha udi chini, nguo nzito zimemfunika mpaka shingoni, atoe jasho. Kazi ile aliifanya kwa mapenzi yote. Hakuna mfamasia ambaye angeweza kubuni njia bora ya kuiingiza sumu mwilini.

Siku ya tano kikopo kilirudi kwangu kwa mkono wa mwuza maziwa. Kimekwisha. Dawa ya wiki mbili imekwisha kwa siku tano. Nilikishika kikopo kile nikakitazama, na nakumbuka akili yangu iliuliza swali lile lile linalokuja kichwani mwako wewe msomaji. Nililinyamazisha. Nilijiambia labda mmoja wa wale wanawake ameomba kidogo, wanawake hugawana. Nikajaza tena. Mara ya tatu hawakuleta kikopo, walileta kopo la samli la ratili mbili, nami nililioshea bombani kwa mikono yangu mwenyewe, kwa vile lilikuwa na mafuta, nikalijaza. Yule mzee wa upele alipewa, kwa mujibu wa daftari langu, dawa ya kumtosha tembo.

Kila Ijumaa nilikwenda nikakaa nje ya pazia. Ijumaa moja mdogo wangu alinilalamikia kwamba mdomo wake una ladha ya shaba, kama anayenyonya pete. Nyingine alinililia bila sababu. Nyingine shangazi aliniambia kwa furaha kwamba mzazi wake ananenepa vizuri sana, bangili hazitoki tena mkononi. Niliyakubali yote. Mzazi hulia, mzazi hubadilika mdomo, na mzazi aliyelishwa kuku na samli hunenepa. Hilo la kunenepa ndilo lililotuua. Kwetu mama anayetoka arobaini akiwa mwembamba ni aibu ya ukoo mzima, na akitoka amejaa, mashavu yamefura, ngozi imekazana na inang'aa, ni sifa ya aliyemtunza. Sote tulikuwa tumesimama hapo tunausubiri ugonjwa huo huo tuupigie vigelegele.

Na tuliupigia. Siku ya arobaini alitoka saa tisa mchana amevaa kanga mpya. Wallahi alikuwa mzuri. Mabaka yalikuwa yameondoka kabisa. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, moja kutoka uso hadi vidole, na uso umejaa kama mwezi. Wanawake walirusha vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mama mkwe alimwendea, akamgeuza uso kushoto na kulia, akamkumbatia, akalia akaomba radhi mbele ya watu. Shemeji yangu alikuwa anacheka peke yake kama mtoto aliyepewa sukari. Shangazi alisimama pembeni na mikono kiunoni, na sijapata kumwona binadamu mwenye fahari kama ile.

Wakati wa kuondoka mdogo wangu aliniita. Ukanda wa kiatu ulikuwa unambana, naye kuinama hawezi. Nikapiga goti nimfungulie. Ni mara ya kwanza kumgusa tangu ajifungue. Mguu ulikuwa baridi na mzito. Kidole gumba changu kilikandamiza juu ya kifundo bila mimi kukusudia, kwa mazoea ya kazi, na nilipokiondoa kilibaki kishimo. Nilikitazama. Hakikujaa. Kishimo kile si unono, ni maji, na maji yale hutokana na figo zilizoharibika.

"Kesho hospitali," nilimnong'oneza. "Usipande garimoshi."

Aliinamisha uso wake ule mzuri. "Kaka, nakuomba. Niende kwangu kwanza. Nikilazwa leo watasema walikuwa wanajua. Nipe wiki mbili tu, nitakuja mwenyewe nitasema nimekuja kukusalimu."

Nilikuwa bado na goti chini. Watu walikuwa wanatungoja, mama mkwe amebeba mtoto. Nilimfunga kiatu kwenye tundu la mwisho kabisa la ukanda, nikanyanyuka, nikamwambia sawa.

Hakufikisha wiki mbili. Siku ya kumi na moja waliletwa na garimoshi la mizigo, yeye amelala kwenye mkeka, shemeji yangu ameshika kichwa chake mapajani. Macho yalikuwa yamefumbwa na uvimbe. Mikono inatetemeka, fizi zimekuwa za buluu, na mkojo hautoki. Daktari alimwangalia fizi, akanigeukia. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama mgonjwa huyu ndiye yule wa Kwihara. Nikasema ndiye. Akauliza amepakwa kiasi gani. Sikujua, nikachukua baiskeli, nikaenda Kwihara, nikalikuta kopo la samli dirishani, limebaki kidogo chini. Nilipolileta mbele yake, alilitazama kopo, akanitazama mimi, akakaa kitini.

Tulifanya yote yaliyokuwepo kufanywa. Hayakuwa mengi. La kuvunda halina ubani. Mdogo wangu alikufa siku ya nne, saa nne ya asubuhi, jua limeshapanda na foleni yangu iko dirishani na vyombo vyao. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kuuliza kama mabaka yamerudi. Nikamwambia hayajarudi, na hayakuwa yamerudi kweli.

Cheti cha kifo kiliandikwa ugonjwa wa figo baada ya uzazi. Daktari aliandika hivyo bila kuniangalia, na mimi nikakibeba bila kumwangalia. Wiki ile kabati la sumu lilipata kufuli la pili, na tangazo refu la Kiingereza likabandikwa juu yake. Dukani karibu na soko, sabuni za kung'arisha uso zenye zebaki ile ile ziliendelea kuuzwa pamoja na chumvi na viberiti, hazikuhitaji daktari wala sahihi. Hakuna aliyeziwekea kufuli hata moja.

Nilidhani jambo limekwisha, limebaki langu na la daktari. Kumbe waliomwosha marehemu walikuwa na macho. Walisema hawajapata kuosha maiti nzuri namna ile, imejaa, nyororo, rangi moja mwili mzima. Habari ilienda kisimani, ikaenda sokoni. Arobaini ya msiba haijafika, wanawake walianza kuja dirishani na makopo safi kabisa, yameoshwa yakameremeta, wakiniomba ile dawa ya dada yangu. Nilikuwa ninawaambia imekwisha. Siku nzima nasema imekwisha, imekwisha. Wakienda zao nilijua wanakwenda dukani.

Baada ya miezi michache akaja shangazi. Alipanga foleni kama wengine, na bakuli ndani ya kanga. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa na mtetemo mdogo ambao sikuupenda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mdogo wako anaolewa, nimekuja kwa ile dawa." Alikuwa anamsema binti yake wa kumzaa.

"Imekwisha, shangazi."

"Wote unawaambia imekwisha. Haya, na mimi?" Akaniinamia dirishani. "Wanasema ya dukani ni ile ile. Sema basi, nikusubiri au nikanunue dukani?"

Nikafunga dirisha watu wakilalamika. Nilimpeleka nyuma ya jengo, kwenye benchi la wafagiaji, nikamwambia yote. Sikulia. Nilisema kwa sauti ile ile ya kutoa maelekezo ya dawa, kwa sababu sikuwa na sauti nyingine. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kufanya maishani.

Mwisho aliuliza, "Kidogo kilikuwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole.

"Mimi nilikuwa nachota kwa kiganja," alisema. Akakifunua kiganja chenyewe akakitazama. "Hukusema."

"Sikusema."

"Na mimi sikuuliza. Niliona unavyoona haya, nikacheka moyoni, nikasema huyu nimemlea vizuri." Akajifuta uso na ncha ya kanga. "Nani mwingine anajua?"

"Daktari."

"Basi wewe nyamaza hivyo hivyo. Una watoto na kazi ya serikali. Mimi nimeshazeeka."

Ningeweza kukataa. Nimekaa nikiyatafuta maneno ambayo ningemjibu, na ninayo mengi sasa, mazuri tu. Siku ile nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikafungua dirisha.

Hakwenda nyumbani. Alianzia Itetemia, kulikokuwa na mwari ndani, akaingia akawaambia wanawake waliokuwemo kwamba yeye amemwua mwanawe kwa dawa nyeupe, ameikanda kwenye liwa kwa mikono yake, wasiitie, wala sabuni za dukani wasizitie. Wakamuuliza ameipata wapi. Akasema kwa mpita njia, na kwamba ile niliyoileta mimi ilikuwa nyingine, haikuwa na kosa. Kutoka hapo alikwenda nyumba hadi nyumba, mji mzima, wiki baada ya wiki, kwa miguu, akirudia maneno yale yale na aibu ile ile. Wengine walisema amechanganyikiwa. Wengine walimwita mchawi. Lakini wengi waliogopa, sabuni zikatupwa chooni, na najua maharusi kadhaa walio hai leo kwa sababu yake. Kufuli mbili za serikali hazikufanya hata robo ya kazi ile.

Hakuna aliyemwita tena kupamba. Binti yake mwenyewe alipambwa na somo mwingine kutoka mjini, shangazi akakaa jikoni anachambua mchele. Kutoka Igalula ukaja ujumbe kwamba asikanyage kule, na mtoto asiletwe Kwihara. Mimi nilikwenda Igalula kila sikukuu. Nilipokelewa na chai, nikapewa mtoto nimpakate, mama mkwe akinisifu kwamba angalau mimi nilijaribu kumwokoa. Nikirudi, shangazi alikuwa ananiuliza kama amekua, na anafanana na nani. Hakuuliza zaidi.

Alikufa mwaka ambao mimi nilipandishwa cheo. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotazamia, hata shemeji yangu alipanda garimoshi akaja, akasimama safu ya mbele. Kwa desturi yetu, kabla jeneza halijainuliwa, mwanamume wa karibu husimama akawaomba watu wamsamehe marehemu aliyowakosea. Mwanamume wa karibu nilikuwa mimi. Nilisimama na koti langu jipya, nikawaambia mnajua nyote alilolifanya marehemu, naomba mumsamehe.

Shemeji yangu alikuwa wa kwanza kujibu. Kisha wote wakasema wamemsamehe.